Mavi ya Jumatatu

Watu wakisikia nilifanya kazi ya kutunza farasi huku Ufipa wananitazama kama tapeli. "Farasi? Sumbawanga hii?" Ndiyo, Sumbawanga hii. Ukipita Mollo ukaendelea kupanda, mpaka miti inakwisha na kubaki nyasi na upepo, palikuwa na ranchi ya serikali, na ranchi hiyo ilirithi farasi kutoka kwa mzungu aliyeondoka zamani. Mbung'o wanaoua farasi kwingine hawakupanda kwenye baridi ile. Kwa hiyo walizaana, wakafa, wakazaana tena, na wakati wa habari hii wa kazi walikuwa saba.

Sikuwa mpanda farasi. Wapanda farasi walikuwa vijana wa kuswaga ng'ombe, wenye kofia na madaha, wakishuka hapo wanatembea wametanua miguu ili kila mtu ajue wametoka wapi. Mimi nilikuwa mtu wa brashi, maji, kwato na mavi. Naomba mnisamehe neno hilo mapema. Daktari nitakayemsimulia alikuwa akisema "kinyesi", lakini daktari alikuwa msomi na hakuwa akilizoa kila asubuhi.

Katika wale saba alikuwemo jike mmoja mwekundu, mwenye doa jeupe puani. Nilimpokea mwenyewe siku anazaliwa, mvua inanyesha, mama yake hoi, nikavua koti la kazi nikamfunika. Sitaki kujifanya kwamba nilikuwa nawapenda wote sawa. Sikuwapenda sawa. Yule alikuwa wangu. Nikiingia bandani alikuja kuniwekea kidevu begani na kunipumulia shingoni, na mke wangu alikuwa akisema nikirudi nyumbani nanuka mke mwenzake.

Kisha ikaja ile habari ya soko huria. Wanunuzi binafsi wakaanza kupanda na malori yao kutafuta mahindi, redio na vitambaa vikajaa madukani mjini, na sisi wa mashirika ya umma tukaambiwa tujiandae, ranchi itauzwa. Dizeli ikawa ya kuomba. Akaletwa meneja mpya, mtu wa mbali, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Kazi yake ilikuwa kuipanga ranchi ipendeze machoni pa mnunuzi. Sitamsema vibaya kuliko alivyokuwa. Hakuwa mkatili. Alikuwa mtu wa karatasi tu, na kisichoandikwa kwake hakikuwepo.

Upande wangu alianza kwa kumuuza mtoto wa yule jike, dume la mwaka mmoja. Alipakiwa kwenye lori amefungwa miguu, analia, na mama yake anamjibu kutoka bandani mpaka lori lilipopotelea nyuma ya kilima. Baada ya hapo meneja akaagiza ng'ombe wote wa ranchi wakusanywe kutoka mabondeni, wapangwe kwa makundi, washushwe barabarani kupakiwa. Farasi wote watumike, Jumatatu mpaka Jumamosi. Yule jike, ambaye maziwa yalikuwa bado hayajakauka, akawekewa tandiko bovu kuliko yote, lile ambalo mbao yake ya ndani ilishapasuka. Nilisema. Nikaambiwa tandiko jingine halimo kwenye bajeti. Mimi nina domo, nikajibu kwamba mgongo wa farasi nao haumo kwenye bajeti, na nikapewa onyo la maandishi.

Ndani ya miezi miwili hakuwa yule tena. Manyoya yalipoteza mng'ao. Alikuwa akisaga meno, akipiga mateke mbao za banda, akisimama kichwa kwenye kona wakati wenzake wanakula. Akaanza kuuma. Mimi hakuniuma, ila kidevu begani hakuweka tena. Kijana yeyote akikaribia na tandiko alikuwa akigeuza masikio nyuma na kuonyesha weupe wa macho.

Jirani yetu wa bondeni, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka ile, alikuja siku moja kuomba dawa ya kupe. Akamwona. Hakuwahi kufuga farasi maishani mwake. Akamtazama kidogo, akatema mate pembeni, akasema, "Huyu ana uchungu. Mmemfanya nini?" Akachukua dawa yake akaenda zake.

Mwezi uleule ndipo alipofika daktari. Alikuwa dada wa makamo kidogo, daktari wa mifugo, akisomea shahada ya juu chuo kikuu. Alivaa sweta mbili na bado alikuwa akitetemeka. Alitaka kujua wanyama wa kazi wanabeba mzigo gani ndani ya mwili, siyo mgongoni. Alituita wote bandani akatueleza polepole, na namshukuru kwamba hakutufanya wajinga. Alisema mnyama akiwa na hofu, au maumivu, au amechoka kupita kiasi, mwili wake unatoa kitu kinaitwa homoni. Ukiipima unajua amebanwa kiasi gani, hata kama amesimama kimya.

"Sasa si umtoe damu upime?" kijana mmoja akauliza.

"Nikimchoma sindano ataogopa, na hofu ya sindano itaingia kwenye hesabu," akajibu. "Nitakuwa napima sindano yangu. Ndiyo maana sitaki kumgusa kabisa. Nataka kinyesi tu."

Vijana wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi sikucheka. Niliona hatimaye amepatikana mtu wa kuheshimu kazi yangu.

Alinifundisha. Unamsubiri farasi mpaka ajisaidie mwenyewe, humharakishi. Unawahi kabla hayajapoa. Unachukua ya katikati, yasiyogusa udongo wala mkojo, unayavuruga kwa kijiti safi, unatia kwenye mfuko wa nailoni kiasi cha ngumi, unakamua hewa, unaandika namba ya farasi na tarehe. Halafu barafu haraka, maana yakilala kwenye joto vijidudu vinaila ile homoni. "Kaka, yakilala yameharibika," alisema hivyo labda mara ishirini. Na kitu kingine alikisema, mara moja, tumeegemea ukuta wa banda, anapasha mikono kwa kikombe cha chai. Alisema chakula cha farasi kinasafiri tumboni karibu siku nzima, na ile homoni inasafiri nacho. "Kwa hiyo kinyesi cha leo kinakwambia habari za jana." Nilitikisa kichwa kwamba nimeelewa. Nilikuwa nimeelewa kweli.

Nyumbani nilipoeleza, mke wangu alikaa chini kabisa kwa kucheka. Sisi nyumbani tunasema Kifipa, lakini siku ile alihamia Kiswahili ili majirani nao wafaidi. "Haya njooni mwone! Mume wangu kapandishwa cheo! Amekuwa mchunguzi wa mavi!" Nikamwambia cheka tu, kuna siku utaniomba msamaha. Hakuniomba, na mpaka leo akitaka kunichokoza ananiita hivyo.

Wiki ya mwisho ya daktari kukaa kwetu, yule jike alimwangusha kijana. Alisimama ghafla kwenye mteremko, akajipinda, kijana akaruka, akavunjika mfupa wa bega. Meneja alikuja mwenyewe bandani, jambo ambalo hakuwa akilifanya kwa sababu ya viatu vyake.

"Huyu ni kichaa," akasema. "Mnunuzi akija akamkuta, ataona ranchi nzima ni ya vichaa. Apigwe risasi."

Daktari akasema hapana, kichaa hana. Akasema jike huyu amebanwa, ameondolewa mtoto, anaumizwa na tandiko, na akipumzishwa malishoni atarudi hali yake, atazaa tena.

"Una uhakika?"

"Naamini hivyo."

"Kuamini ni kanisani, daktari. Niletee karatasi."

Wakakubaliana mbele yangu, na nayakumbuka maneno kama yalivyosemwa. Jike asiguswe mpaka majibu yatoke. Kazi aendelee nayo, maana bila kazi hakuna cha kupima. Majibu yakionyesha amezidiwa kuliko wenzake, meneja atamtoa kwenye kazi na kumwandika kuwa wa kuzalisha. Yakionyesha yuko sawa na wenzake au chini yao, basi ni ukorofi wake tu, na ukorofi dawa yake risasi. Daktari akampa mkono. Akanigeukia, akanikabidhi mifuko, kalamu isiyofutika na sanduku la barafu. Alitakiwa kurudi chuoni kesho yake. "Jumanne, Alhamisi na Jumamosi," akaniambia. "Kaka, huyu yuko mikononi mwako sasa."

Basi nikawa mtu mwenye kazi maalumu. Wiki ya kwanza haikunipa shida. Gari la ranchi lilipeleka sanduku mjini, tena siku zilezile alizosema. Wiki ya pili dizeli ikakatika, gari likawekwa juu ya mawe, na ile mifuko ya wiki ya kwanza ikawa bado iko kwenye friji la ofisi fulani pale mjini. Umeme ulipozimika siku tatu mfululizo, yote ikaoza. Nilikwenda mwenyewe kuitazama. Ile harufu sitaieleza.

Nikazunguka Sumbawanga nzima kutafuta friji. Zahanati moja walinifukuza kama mbwa, na sikuwalaumu, friji lao lilikuwa la chanjo za watoto. Mwisho nikaenda kwa mzee mmoja mwenye duka na malori, familia ya Kiislamu ya siku nyingi pale mjini, maana alikuwa na jenereta yake na friji kubwa la samaki kutoka ziwani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unataka nini?"

Nikamweleza. "Mavi," akasema. "Kwenye friji langu. Astaghfirullahi, we bwana una akili kweli?"

Nikamweleza tena, safari hii kuhusu yule jike, mtoto wake na tandiko na risasi. Nilipofika kwenye lori lililoondoka na yule mtoto analia, sauti yangu ilinikatika, na niliona aibu maana dukani palikuwa na akina mama wananunua chumvi. Mzee akaangalia pembeni. Kisha akasema kuna friji dogo bovubovu nyuma, halina samaki, nilete ila kwenye kopo lenye mfuniko, na mikono ninawe kabla sijamgusia kitu chake chochote. Akaongeza kwamba lori lake linalokusanya mahindi linapita chini ya ranchi kila Jumatatu asubuhi, dereva atakuja na chupa za barafu na kuchukua sanduku palepale. Niliinama nusu ya kumpigia magoti. Akanifukuza kwa mkono, "Nenda, nenda, wateja wanakuona."

Kwa hiyo ikawa Jumatatu. Siku nyingine barafu haikuwepo, lori halikuwepo, na yakilala yameharibika. Jumatatu alfajiri niko bandani na kijiti changu. Farasi wote saba, mmoja mmoja, kwa utaratibu. Kufika saa mbili sanduku liko barabarani. Wiki kumi na mbili sikukosa hata moja, na zilipotimia mzee akanisafirishia yote kwa barafu mpaka chuoni kwa daktari, naye akayatuma maabara ng'ambo. Niliugua malaria katikati yake, nikaenda natetemeka, mke wangu ananishika mkono njia nzima ananitukana. Daktari aliandika barua kuuliza maendeleo. Nilimjibu, "Kila kitu kinakwenda sawa, daktari." Habari ya gari na friji na Jumatatu sikuiandika. Nilihofia ataona nimeshindwa, atampa kazi mtu mwingine.

Sasa nieleze Jumapili.

Jumapili farasi hawakuwa wakifanya kazi. Vijana walikwenda zao misani au pombeni, na meneja hakutaka kulipa mtu wa kuwatoa malishoni, kwa hiyo farasi walibaki wamefungiwa kutwa, wanatafuna mbao kwa kuchoka. Mimi nilikuwa nakwenda misa ya kwanza pale kigangoni, na misa ikiisha siendi nyumbani. Napitia bandani namfungulia yule jike peke yake. Sita nisingewaweza. Tunashuka wawili mpaka bonde la kijito, kule ambako nyasi zinabaki mbichi hata kiangazi. Namtoa kamba kabisa. Namsugua mgongo kwa maji ya moto na chumvi mahali tandiko lilipomtoboa. Nampa mahindi machache kutoka ghalani kwangu, na mke wangu anajua na anajifanya hajui. Halafu nalala kwenye nyasi kofia usoni, yeye anakula karibu yangu, namsikia anavyokata nyasi. Jumapili ya nne au ya tano aliniwekea kidevu begani. Nililia, kwa kuwa hakuna aliyekuwa akinitazama.

Nilikuwa nawaza moyoni kwamba namtunza mpaka majibu yatoke. Namvusha tu. Akifika siku ya karatasi akiwa bado mzima, tumeshinda.

Karatasi ilikuja mwanzoni mwa kiangazi. Daktari hakuja nayo, aliituma kwa posta na barua juu yake, na meneja akaniita ofisini kwa adabu kabisa, akaniambia nikae. Alinisomea mwenyewe. Farasi sita walikuwa na homoni nyingi kiasi, wanakaribiana. Wa saba, yule jike, alikuwa chini yao wote, chini kwa mbali. Daktari aliandika kwamba ameshangaa, amerudia kupima, jibu ni lilelile, na kwamba kama msomi hana budi kukubali alichokipata. Alisema anasikitika.

Nilibaki na kofia mikononi. Kwanza nilitaka kumtukana daktari, kisha mashine zake, kisha wazungu wa hiyo maabara ya huko ng'ambo. Nikasema, "Bosi, hii ni uongo. Haiwezekani. Mnyama aliyetulia kuliko wote ni yule?" Meneja akanigeuzia karatasi niione. Tarehe zilikuwa zimepangwa upande wa kushoto, wiki baada ya wiki, zilezile nilizoandika kwa mkono wangu, sasa zimechapwa kwa mashine. Nikawa nazipitia kwa kidole, sijui natafuta nini, kila tarehe naikumbuka siku yake. Jumatatu. Jumatatu. Jumatatu. Kidole kikasimama chenyewe.

Kinyesi cha leo habari za jana.

Mungu wangu. Nilikuwa nimepeleka Jumapili kumi na mbili. Siku sita za wiki alizokuwa akipigwa na kutobolewa mgongo, hata moja sikuipeleka. Nilipeleka kijito, na chumvi, na mahindi ya mke wangu. Wenzake waliofungiwa kutwa wakaonekana wamebanwa, na yeye akaonekana amestarehe. Kila Jumapili niliyomtoa kumwokoa nilikuwa nikimwandikia hukumu, na kesho yake alfajiri naipeleka barabarani kwa mikono yangu, naiwekea barafu isiharibike.

Nilimweleza meneja. Nilimweleza vibaya, maneno yanagongana, lakini nilimweleza yote, na alielewa, maana alikuwa mtu mwenye akili. Nikamwomba wiki tatu tu. Nitachukua ya Alhamisi, nitayabeba kwa miguu mpaka mjini, sihitaji lori la mtu.

Akafunga faili. "Kwa hiyo Jumapili anakuwa na raha," akasema. "Hata mimi Jumapili nina raha, bwana. Nani hana?" Akatabasamu kidogo, siyo kwa ubaya. "Wiki tatu uchukue, miezi mitatu wapime. Watu wa mnunuzi wanakuja kabla ya mwisho wa mwezi. Uliomba karatasi, karatasi imekuja."

"Karatasi sikuomba mimi, uliomba wewe!" nilipiga kelele. Nilisema na mengine. Orodha ya watakaopunguzwa kazi ilikuwa bado haijabandikwa, na nadhani jina langu lilipata nafasi yake siku ile.

Shimo nilichimba mimi. Huku kwetu nyama ya farasi hailiwi, na sikutaka mbwa wamfikie. Mtu wa bunduki aliletwa kutoka mjini, akaambiwa ni mnyama hatari, akasimama mbali na kidole kwenye mtambo. Vijana walijaribu kumtoa bandani wakashindwa, aliwapiga mateke, akamrarua mmoja shati. Meneja akatuma nikaitwe nyumbani. Mke wangu akasema usiende, waache wahangaike. Nilikwenda. Niliona wakimkosakosa kwa risasi mle bandani ndipo itakuwa mbaya zaidi.

Nilimshika kamba. Akanifuata bila kusumbua, shingo imelegea. Nilimsimamisha mahali nilipoonyeshwa, nikamwambia maneno ambayo nayaacha, nikasogea pembeni. Risasi moja ilitosha. Yule mtu alikuwa fundi, hilo nampa. Meneja alisaini karatasi yake palepale, juu ya goti.

Ranchi iliuzwa, farasi waliobaki walikwenda nisikokujua, na mimi nilipunguzwa na wengine wengi. Tukahamia Laela kwa shemeji, tukawa tunanunua mahindi kidogokidogo vijijini na kuyauza kwa wenye malori yanayokwenda Tunduma. Ni kazi kama kazi nyingine. Nilikuwa sisemi habari za farasi na mtu.

Siku moja, nimekaa juu ya magunia kando ya kituo, basi likasimama, akashuka daktari. Sweta mbili zilezile. Alikuwa ameuliza mjini, akaelekezwa kwangu. Alinisalimia kwa furaha, akaniuliza mke, watoto, biashara. Akasema anamalizia kitabu chake cha shahada na kuna jambo moja linamnyima usingizi. Jibu la yule jike. Wakubwa wake chuoni wamelishupalia, haliingii akilini, linaharibu hoja yake yote. "Kaka, uliona kitu chochote? Kitu chochote cha tofauti kwake?"

Nilimwambia. Tulikaa juu ya magunia nikamwambia misa, bonde, kijito, lori la Jumatatu, barafu. Sikuficha kitu. Nilidhani atalia, au atanipiga kofi, na nilikuwa tayari kwa lolote. Nilikuwa nimelisubiri hilo tangu siku ile ya shimo.

Daktari alifumba macho, akavuta pumzi ndefu, akaishusha. "Tarehe niliziona," akasema. "Sikuwaza kabisa ni siku gani ya wiki." Kisha uso wake ukafunguka. Akachomoa mfukoni karatasi ndefu yenye majedwali, ileile niliyoionyeshwa ofisini, akaiweka juu ya gunia, akatafuta mstari wa chini kabisa. Akaupiga kalamu kutoka mwanzo mpaka mwisho, mara mbili, kwa uangalifu. Pembeni akaandika neno moja, na mimi nikalisoma: *Aondolewe*.

"Ahsante sana, kaka," akanishika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Hujui umeniokoa kiasi gani. Sasa hesabu zangu zinakaa sawa."

Basi lake lilikuwa likipiga honi. Alipanda, akanipungia dirishani, nami nikampungia. Saba wamekuwa sita. Mwili wake nilikuwa nimeufukia mwenyewe, sasa hata kwenye karatasi hayumo.